Puti za kusawazisha boti ya mbao: ipi uinunue kwanza, ipi uiache dukani

Boti yako ya plaiwudi ikishagundishwa na kuvalishwa faibaglasi, ni rahisi kudhani kwamba kilichobaki ni rangi tu. Hebu subiri giza liingie, uweke taa karibu na ubavu ili mwanga upite ukilala juu ya mbao. Utaona yote: nundu kwenye kila kiungo, kingo za kitambaa zilizoinuka, vichwa vya skrubu vilivyozama, na bonde refu pale plaiwudi ilipogoma kupinda. Rangi ya kung'aa haiwezi kuficha hayo, bali huyatangaza. Hapo ndipo mtu hukimbilia dukani akachukua kopo la kwanza lililoandikwa puti, kisha akaja kupiga msasa hadi mabega yamfe ganzi.

Nimezipanga puti hizi kwa kigezo kimoja kikuu: zinavyokubali msasa. Ugumu haumo. Wanunuzi wengi huuliza ipi ni ngumu zaidi, na swali hilo ndilo linalowapoteza. Puti ya kusawazisha haibebi mzigo. Mzigo hubebwa na mbao, gundi na kitambaa. Kazi ya puti ni kujaza bonde tu. Ikiwa ngumu kuliko kilicho kando yake, msasa utakula kile laini kwanza na kuiacha puti imesimama. Unakuwa umejaza bonde moja na kuchimba mengine mawili pembeni yake. Puti nzuri hulika kwa kasi ileile ya jirani yake, au haraka kidogo. Baada ya hapo ndipo nauliza mambo mengine mawili: inashika vipi juu ya kilicho chini yake, na inafanya nini ikikaa majini.

Tusichanganye pia kazi mbili zinazofanana kwa macho. Kujaza kona ya ndani ambapo mbao mbili zinakutana, ili zishikane, ni kazi ya nguvu. Kusawazisha ubavu ni kazi ya sura. Unga unaofaa kwenye kona ni sumu kwenye ubavu, na ule wa ubavuni ukiutia kwenye kona, kona itapasuka. Orodha hii ni ya ubavu.

Nafasi ya kwanza: epoksi uliyonayo, pamoja na unga wa maikrobaluni

Ikiwa umejenga kwa epoksi, yaani gundi ya resini na kigumishi, nusu ya puti bora kuliko zote tayari unayo. Kinachokosekana ni unga tu. Maikrobaluni ni vitufe vidogo mno, vitupu ndani, vinavyofanya epoksi iwe nene, nyepesi na laini kwa msasa. Viko vya aina mbili kuu. Vya fenoliki, ambayo ni aina ya plastiki, vina rangi ya kahawia inayoelekea nyekundu. Vya kioo ni vyeupe. Mimi huchagua vya fenoliki kwa ajili ya ubavu, kwa sababu moja tu: vinalika kwa urahisi zaidi. Vya kioo ni vigumu kidogo, ingawa si vibaya hata chembe, na ukipaka rangi nyeupe juu yake havionyeshi madoa ya kahawia pale utakapochubua kwa bahati mbaya.

Kampuni ya West System huuza unga wake kwa namba, na namba hizo zimekuwa lugha ya wajenzi wengi. 407 ni mchanganyiko wa fenoliki kwa ajili ya kusawazisha. 410 ni mwepesi zaidi na ndio ulio laini kuliko wote kwa msasa, lakini una sharti lake: haufai chini ya rangi nyeusi, bluu iliyokolea au nyingine yoyote inayovuta joto la jua. Ukitaka boti ya rangi nzito, kaa na 407. Namba 403, 404 na 405 ziache kwa ajili ya gundi na kona. Ni ngumu, na ukizitandaza ubavuni utajuta. Huhitaji kununua chapa hiyo hasa. Maikrobaluni zisizo na jina kubwa hufanya kazi ileile, mradi ziwe kavu na mfuko haujawahi kuachwa wazi.

Nunua pia mfuko mdogo wa silika ya koloidi, unga laini mno wa kuzuia puti isitiririke, ambayo kwa namba za West System ni 406. Maikrobaluni peke yake huifanya epoksi kuwa nene, lakini ukiipaka kwenye ubavu uliosimama wima huanza kuteremka taratibu, na asubuhi unakuta tumbo limetokea chini. Silika kidogo huizuia. Nasema kidogo kwa makusudi. Silika ni ngumu sana kwa msasa. Ukiizidisha, umeharibu sababu yote ya kununua maikrobaluni.

Utaratibu wa kuchanganya una maana yake. Kwanza resini na kigumishi, kwa kipimo sahihi, ukoroge mpaka pembeni na chini ya kopo. Kisha silika. Mwisho maikrobaluni, ukiongeza hadi mchanganyiko uwe mzito kuliko siagi ya karanga, usimame wenyewe kwenye skrepa bila kuinama. Kwa ujazo, tegemea unga mara 2 hadi 3 ya epoksi. Kamwe usipunguze wala kuongeza kigumishi ili kubadilisha mwendo wa kukauka. Badala yake nunua kigumishi cha mwendo unaoutaka. Mfano ni resini 105 ya West System, inayochanganywa 5 kwa 1: kwa kigumishi 205, gramu 100 ndani ya kopo kwenye nyuzijoto 22 hukupa dakika 9 hadi 12 kabla haijaanza kuganda, kwa 206 unapata dakika 20 hadi 25. Kwenye joto kali muda huo hupungua sana. Epoksi hutoa joto inapokauka, na ikijazana ndani ya kopo joto hilo halina pa kwenda. Imwage kwenye kipande kipana cha plaiwudi mara tu ukimaliza kukoroga, ufanyie kazi hapo.

Ubaya wa njia hii ni mmoja: kila kopo hutoka tofauti kidogo na lililopita. Kopo lenye unga mwingi hulika haraka, lenye unga mchache hugoma, na vipande hivyo viwili vikikaa jirani msasa huvisoma tofauti. Pima unga kwa kikombe kilekile kila mara, jambo hilo linaisha.

Nafasi ya pili: puti ya epoksi ya makopo mawili

Hii ni ileile ya kwanza, ila mtu mwingine amekuchanganyia unga. Makopo mawili, unachota sawa kwa sawa au kwa kipimo kilichoandikwa, unakoroga hadi rangi iwe moja. TotalFair ya TotalBoat ni mfano mzuri: upande mmoja ni bluu, mwingine njano, na ukikoroga vyema unapata kijani. Ukiona mstari wa njano, hujamaliza. Kwa anayeanza, hilo peke yake lina thamani, kwa sababu kosa kubwa kwenye epoksi ni kutokoroga vya kutosha.

Ni laini kwenye skrepa, haina mapovu mengi, na kopo la kwanza hufanana kabisa na la mwisho. Kwa nini basi isiwe ya kwanza? Bei. Kwa kiasi kilekile utalipa zaidi kuliko ukijichanganyia, na sehemu kubwa ya unachokipaka mwishowe huanguka sakafuni kama vumbi. Ushauri wangu ni kugawa kazi: mabonde makubwa jaza kwa mchanganyiko wako, na mkono wa mwisho, ule mwembamba wa kuziba vitundu na mikwaruzo, paka hii ya makopo. Kwa mtumbwi mdogo ambao hauna mabonde mengi, nunua hii tu na uachane na mambo ya mifuko ya unga.

Nafasi ya tatu: puti ya vinilesta

Vinilesta na poliesta ni resini za jamii moja, tofauti na epoksi. Puti ya vinilesta inastahimili maji vizuri kuliko ya poliesta, inakauka haraka, na mafundi wa boti za faibaglasi wanaipenda kwa haki. Shida ni kwamba boti yako ni ya mbao na epoksi. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta au vinilesta iliyokauka. Kinyume chake hakiaminiki. Inafaa kama boti nzima imevalishwa kwa resini ya jamii hiyo. Vinginevyo, rudi juu.

Nafasi ya nne: puti ya magari

Hii ndiyo inayonunuliwa zaidi, kwa sababu iko kila mahali, ni rahisi, na gereji zote zinaijua. Ni poliesta iliyojazwa talki, yaani unga wa jiwe laini, na ile krimu nyekundu unayoichanganya ndiyo kigumishi chake, peroksidi ya benzoili. Inakauka ndani ya robo saa hadi nusu saa na inapigika msasa kwa raha. Ukiihukumu kwa kigezo changu cha msasa peke yake, ingeshika nafasi ya juu kabisa, na sitaficha hilo.

Inaanguka kwenye maswali mengine mawili. Puti hii hunyonya maji, kwa hiyo chini ya mstari wa maji huvimba, hulainika na hatimaye hubanduka na rangi yake. Na juu ya epoksi ambayo haijakauka kabisa au haijaoshwa, poliesta inaweza kubaki inanata kwa sababu kemikali za kigumishi cha epoksi huizuia kukauka. Mahali pake ni ndani ya kibanda, juu ya maji, kwenye sehemu ndogo utakayoifunika vizuri kwa rangi. Hapo sina ugomvi nayo. Kwenye ubavu, hata kama muuzaji anaapa kwamba wote wanaitumia, iache.

Zisizoingia kwenye orodha

Puti ya ukuta, puti ya mbao inayoyeyuka kwa maji, na unga wa msumeno uliochanganywa na gundi nyeupe ya seremala. Zote zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba na fanicha. Ziache huko.

Unga wa mbao uliochanganywa na epoksi ni habari nyingine. Huo ni mzuri sana kwa kona, na ndio pekee utakaoutaka pale mbao inapobaki ikionekana chini ya vanishi, maana maikrobaluni huacha doa. Tumia vumbi laini linalotoka kwenye mfuko wa mashine ya msasa, la mbao ya aina ileile; vumbi la msumeno lina chembe kubwa mno.

Kama boti yako ni ya mbao zilizopangwa, si plaiwudi

Yote niliyosema juu yanahusu chombo kisichocheza: plaiwudi, au vipande vyembamba vilivyogundishwa na kuvalishwa kitambaa. Boti ya mbao nene zilizopigiliwa kwenye mataruma (mbavu za boti), zenye kalafati, yaani nyuzi za kuziba maji, kati yake, huvimba ikiingia majini na kunywea ikipandishwa pwani. Ukijaza nafasi zake kwa epoksi, puti haitakubali kubanwa. Mbao zikivimba, ama zitaitema puti ama zitabonyezana zenyewe kwa zenyewe, na kuna boti zilizong'oa misumari kwenye mataruma kwa sababu hiyo. Hapa nunua kitu kinachokubali kunyooka na kubonyea: puti ya mafuta ya kitani juu ya kalafati, au mpira wa polisalfaidi. Epoksi na maikrobaluni weka juu ya vichwa vya misumari na makovu ya katikati ya ubao, si kwenye nafasi.

Vya kununua pamoja na puti

Maikrobaluni huuzwa kwa ujazo, na mfuko unaoonekana mkubwa huwa mwepesi ajabu. Chukua mkubwa zaidi ya unavyodhani. Ongeza skrepa pana inayopinda, pamoja na ile yenye meno. Kwenye eneo kubwa, paka kwanza kwa ile ya meno ili upate matuta yenye mifereji kati yake. Yakikauka, yapige msasa hadi yafuate umbo la boti, ambayo ni kazi nyepesi kwa kuwa nusu ya eneo ni hewa, kisha jaza mifereji kwa skrepa bapa. Utaokoa saa nyingi za msasa.

Msasa wenyewe namba 80 unatosha kwa kazi kubwa, ukiwa umebandikwa kwenye ubao mrefu unaopinda kidogo na ukisukumwa kwa mshazari. Mashine ndogo ya duara hufuata mabonde badala ya kuyakata. Itumie kuondoa nundu tu.

Kabla ya kupaka puti mpya juu ya epoksi iliyokauka, osha kwanza kwa maji safi na sponji ya kusugulia. Epoksi nyingi huacha utando unaoteleza, na maji ndiyo huuondoa. Ukianza na msasa unausukumia ndani ya mikwaruzo. Barakoa ya vumbi laini na glavu haziepukiki: silika na maikrobaluni huruka kwa pumzi tu, na ngozi ikishaanza kuichukia epoksi, hukaa hivyo.

Kitu cha mwisho kwenye kapu ni epoksi ya ziada isiyo na unga. Ukishasawazisha, vitufe vilivyokatwa na msasa huwa vimebaki wazi, na uso mzima una matundu madogo. Paka epoksi tupu mkono mmoja au miwili, ioshe, ipige msasa mwepesi, ndipo uweke praima nene ya epoksi. Praima hiyo itameza mikwaruzo ya namba 80 yenyewe, kwa hiyo usikubali kuuziwa kopo jingine la puti laini ya kumalizia.