Boksi la mbao la kufundishia hesabu: mbao safi, kijitabu ndo shida

Hili boksi nimekaa nalo kama miezi miwili na dogo wangu wa miaka saba. Ndani kuna vipande 60 vya mbao vya mraba, vyote saizi moja, na kijitabu cha kumwonyesha mtoto kwanini kanuni za hesabu ni kweli, yani siyo kukariri tu. Mbao ziko poa, zimedondoka mara kibao na hazijabanduka rangi.

Tulianza na kwanini witiri ukijumlisha na witiri unapata shufwa. Unapanga vipande viwili viwili, 7 inabaki na kimoja kisicho na mwenzake, 5 hivyo hivyo, ukizileta pamoja wale wapweke wawili wanapatana na mchezo umeisha. Dogo akakaa kimya afu akasema kumbe hata ikiwa milioni na moja, si atabaki mmoja tu? Hapo nikajua hela yangu haijaenda bure.

Kilichoniudhi ni sura ya pembetatu. Unakata pembetatu ya karatasi, unachana pembe zake tatu, ukizisogeza pamoja zinalala kwenye mstari mnyoofu, nyuzi 180, safi kabisa. Ila kijitabu kinasema rudia kwa pembetatu tatu afu hongera, umethibitisha. Wapi! Hiyo ni mifano mitatu tu, na mtoto wa umri huu lazima aulize na ya nne je? Na wangu aliuliza, ikabidi nimchoree mstari unaopita kwenye ncha ya juu, sambamba na kitako, tukafuatilia pembe za chini zinavyojirudia kule juu, jioni nzima ikaisha na sidhani kama alishika yote. Nyota moja nimekata hapo, nimebakiza nne.

Halafu vipande 60 ni vichache jamani. Kuna ile ya 1, ongeza 3, ongeza 5, ongeza 7, kila mara unavipanga juu na ubavuni na mraba unakua: 4, 9, 16. Tulipofika 7 kwa 7 vimeliwa 49, vimebaki 11 na sisi tunataka 15. Mimi nimeshaanza kulalamika, dogo ananyoosha kidole pale ambapo vingekaa: saba huku, saba huku, na hiki cha kona hakina mwenzake. Afu akaanza kuvirudisha kwenye boksi, eti tumemaliza.