Kitengo cha dharura cha hospitali moja mjini Kigoma: matibabu mazuri, mapokezi ya kutiliwa shaka

Nakipa kitengo hiki nyota tatu kati ya tano, na mbili nilizozizuia zote ni za mapokezi. Usafi unaridhisha, malipo yana risiti, na duka la dawa hufanya kazi usiku kucha.

Nilimsindikiza jirani yangu, mvuvi mzee wa Kibembe mwenye kisukari cha miaka mingi, aliyekuwa akitokwa na jasho, akiyumba na kujibu maswali ovyo. Muuguzi aliitazama shati yake inayonuka dagaa, akaisikia lafudhi yake, kisha akauliza kama ametoka kambi ya wakimbizi na kama amekunywa gongo. Nilipotaja kisukari alijibu, bila ukali wowote, kwamba "hawa huwa wanakunywa", akamwelekeza mzee, mzaliwa wa Ujiji, kwenye benchi la ukutani apumzike, huku waliokuja nyuma yetu wakiingizwa. Ukutani hapo hapo imebandikwa chati ya kupanga wagonjwa kulingana na uzito wa hali zao, kwa rangi nyekundu, njano na kijani. Daktari wa zamu alipopita ndipo mzee alipotobolewa kidole, na kipimo kikasoma 2.1, kiwango cha chini cha sukari kinachoweza kumpoteza mtu fahamu. Dripu ya glukosi ilipoanza kuingia, haikuchukua muda mzee akaulizia nyavu zake.

Simwiti muuguzi yule mbaguzi wa makusudi, kwani ndiye aliyemfunika mzee shuka baadaye. Tatizo ni hukumu inayotangulia kipimo, na inaua hata penye hospitali tajiri. Mwaka 2008 huko Winnipeg, Kanada, Brian Sinclair, mwenyeji wa asili wa nchi hiyo aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, alikaa saa 34 katika chumba cha kusubiria cha dharura akiwa na barua ya rufaa ya kliniki, mpaka akafariki kwa maambukizi ya kibofu yanayotibika. Uchunguzi ulionyesha kwamba baadhi ya wahudumu walidhani amelewa, au hana makazi na amejihifadhi tu na baridi.

Uongozi ungeagiza presha, oksijeni na sukari vipimwe kabla ya mgonjwa kuulizwa atokako, nyota moja ningeirudisha mara moja. Kwa sasa, anayempeleka pale mgonjwa wa kisukari asikubali kuondoka kwenye meza ya mapokezi kabla kidole hakijatobolewa; kipimo chenyewe ni cha sekunde chache.