Pikipiki ya kawaida au fulu: ipi ishike namba moja, ipi uiache dukani

Ukiwekewa pikipiki mbili za aina moja, moja ya kawaida na nyingine fulu, macho lazima yaende kwenye fulu. Skrini ya rangi, masanduku, kioo kirefu cha upepo, taa za ukungu, mishikio inayopashwa moto. Muuzaji naye anajua, ndiyo maana kazisimamisha pamoja. Kabla hujauliza bei, omba orodha ya nyongeza zote, kisha pitia moja moja ukijiuliza: hiki fundi anaweza kunifungia mwaka ujao? Kama kinafungika, hakuna sababu ya kukilipia leo. Ambacho hakifungiki ndicho cha kulipia kiwandani.

Visivyofungika ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Cha kwanza ni ABS, mfumo unaozuia tairi kujifunga unapokanyaga au kubana breki ghafla. Si kifaa kimoja cha kuchomeka. Kuna pete yenye matundu kwenye gurudumu, sensa inayoisoma pete hiyo, pampu inayopunguza na kurudisha presha ya mafuta ya breki mara nyingi ndani ya sekunde, mabomba yake na kompyuta ya kuvisimamia vyote. BMW waliiweka kwenye K100 mwaka 1988, na siku hizi Umoja wa Ulaya unailazimisha kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125: kuanzia 2016 kwa modeli mpya, na 2017 kwa zote zinazosajiliwa. Pale ambapo sheria haijadai, toleo la kawaida mara nyingi huja bila hiyo, na hapo ndipo bei yake inaposhuka ikakuvutia.

Maneno ya stika usiyategemee. Chuchumaa, tazama gurudumu la mbele halafu la nyuma. Ukiona pete ndogo ya pili yenye matundu karibu na diski, na waya mwembamba unaoishia kwenye sensa iliyokaa milimita chache kutoka kwenye pete, basi gurudumu hilo lina ABS. Pikipiki nyingi ndogo zina ya mbele tu, ya nyuma ni breki ya ngoma, na ubavuni zimeandikwa ABS kama zenye mbili. Nyingine zina CBS, ambayo ni kitu tofauti kabisa: ukishika breki moja, na ya pili inasaidia, lakini tairi bado linaweza kujifunga.

Cha pili ni sensa ya mlalo, ile inayoijulisha kompyuta pikipiki imelala kiasi gani kwenye kona. Ndiyo inayowezesha ABS kufanya kazi vizuri ukiwa umeinama. KTM 1190 Adventure ya 2014 ilikuwa ya kwanza kutoka nayo kwa teknolojia ya Bosch. Kama unapanda pikipiki kubwa yenye nguvu, ilipie. Kwa ya cc 150 ya mihangaiko ya kila siku, wala usihangaike.

Cha tatu ni injini na gia zenyewe. Wakati mwingine tofauti ya matoleo si mapambo. Triumph Street Triple 765 ya 2023, kwa mfano, toleo la R lina nguvu farasi 120 na la RS lina 130. Honda nao huuza Africa Twin yenye klachi ya kawaida na yenye DCT inayojibadilishia gia, ambayo inazidi ile ya kawaida kwa kilo kama 10. Mambo hayo huwezi kwenda kuyaongeza kwa fundi, kwa hiyo amua siku ya kununua.

Baada ya hapo, karibu kila kitu kilichobaki hufungwa kwa spana: keria, masanduku, bampa za kulinda injini, kioo, kiti, soketi ya kuchajia simu, taa za nyongeza. Hata kifaa cha kubadili gia bila kushika klachi, kwenye modeli nyingi waya wake umeshaandaliwa tangu kiwandani na unasubiri kuchomekwa. Uliza pia ni nyongeza zipi ni programu tu. Pikipiki kama KTM 990 Duke hukufungulia nyongeza za programu kwa kilomita 1,500 za mwanzo, kisha hujifunga hadi ulipe. Hiyo ni nafasi nzuri: zitumie zote, baadaye ulipie ile moja utakayoikosa.

Sasa mpangilio wenyewe.

Namba moja: ya kawaida yenye ABS, nyongeza uchague mwenyewe. Kwa wanunuzi walio wengi, hapa ndipo pa kuishia. Sababu kubwa si hata bei. Mpaka uiendeshe pikipiki kwa miezi michache, hujui itakusumbua wapi. Mtu anaagiza kioo kirefu, kumbe kwa urefu wake upepo unagonga kofia palepale kwenye ukingo wa kioo na kelele inazidi ile ya bila kioo. Mwingine analipia masanduku matatu ya alumini na fremu zake, zaidi ya kilo 15 kabla hajaweka hata soksi, wakati mzigo wake wote unatosha kwenye begi moja la kufunga kwenye kiti. Fedha iliyobaki ianze na kofia nzuri, glavu na buti, kisha matairi yanayofaa barabara zako. Vikorokoro vifuate.

Namba mbili: fulu iliyotumika miaka miwili au mitatu. Nyongeza hupoteza thamani haraka kuliko pikipiki yenyewe. Aliyeinunua mpya alilipia kila sanduku. Wewe unayekuja wa pili unayapata karibu kama bure. Kazi ipo kwenye ukaguzi. Washa kila kitufe, pasha mishikio mpaka usikie joto, rekebisha shokapu za umeme kutoka laini hadi ngumu huku ukibonyeza kiti, uone kama kweli kunatokea tofauti. Inua kiti utazame waya. Ukikuta viungo vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa selotepu, kuna mtu aliongeza taa au alamu kienyeji, na matatizo yake ya umeme sasa yatakuwa yako. Toleo halisi la kiwandani huonekana: plagi zake ni za mfumo mmoja na waya zimepita kwenye njia zake.

Namba tatu: toleo la kati, lile lenye shokapu na breki bora. Hapa ndipo walipo Yamaha MT-09 SP na Kawasaki Z900 SE, zote zenye shokapu ya nyuma ya Öhlins, kampuni inayojulikana kwa shokapu za rangi ya dhahabu. Ukijumlisha bei ya kununua sehemu hizo moja moja, tofauti ya toleo mara nyingi huonekana nafuu. Ningeipandisha hadi namba mbili kwa anayependa kona. Lakini rangi hiyo ya dhahabu haibebi mtu ambaye springi haikupimwa kwa uzito wake. Kaa juu ya pikipiki ukiwa na mavazi yako yote, mwenzako apime sehemu ya nyuma imeshuka kiasi gani kulinganisha na ikiwa imeinuliwa magurudumu yanaelea. Karibu theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu ndiyo kiasi cha kawaida. Ikishuka sana au kidogo mno hata baada ya kurekebisha, springi ya uzito wako, iliyo nafuu kwa mbali, itakufaa kuliko jina lolote.

Namba nne: fulu mpya. Si mbaya, ina mwenyewe. Anayesafiri masafa marefu mara kwa mara, na abiria, kwenye baridi, atavitumia vyote tangu wiki ya kwanza, na atafaidika kuwa na vitu vilivyobuniwa pamoja na kulindwa na garantii moja. Kitu kingine: mishikio ya moto, kiti cha moto na taa za ziada hula umeme, na pikipiki ya kiwandani iliyo fulu imeshapigiwa hesabu hiyo, wakati ndogo iliyobandikwa kila kitu huishia kumaliza betri foleni inapokuwa ndefu. Ila jiulize nani ataitengeneza. Shokapu ya umeme ikifa nje ya garantii, si kila fundi ataigusa. Na kama umesimama nayo tangi likiwa limejaa, masanduku yakiwa yamefungwa, na ni ncha za vidole tu zinazogusa chini, iache.

Namba tano: ya kawaida isiyo na ABS wakati yenye ABS ipo. Hii ndiyo rahisi ghali. Ikiwa bajeti haifiki, shuka ukubwa wa injini upate ndogo yenye ABS, au tafuta iliyotumika.

Ukishachagua, omba bei iandikwe kwa mgawanyo: pikipiki peke yake, kila nyongeza kivyake, na gharama ya kufunga. Vifurushi hupenda kuficha kitu kimoja unachokihitaji katikati ya vinne usivyovihitaji. Muuzaji akisema iliyopo stoo ni hiyo fulu tu, muulize ya kawaida inachukua muda gani kufika ukiagiza, kisha nyamaza usubiri. Mara nyingi baada ya hapo ndipo masanduku yanapoanza kutolewa kama zawadi.