Modeli ya Datsun 240Z ya Safari Rally 1971 kwa kipimo cha 1/24: uzoefu wangu

Bodi jekundu, boneti jeusi lisilong'aa, namba 11 mlangoni. Anayefuatilia historia ya Safari Rally hahitaji kuambiwa zaidi. Hilo ni Datsun 240Z la Edgar Herrmann na Hans Schüller, lililoshinda mwaka 1971, huku 240Z jingine la Shekhar Mehta likishika nafasi ya pili. Mwaka uliotangulia Herrmann na Schüller hao hao walikuwa wameshinda na Datsun 1600 SSS, ile ya milango minne iliyozaa nusu ya teksi za miji yetu. Kwa hiyo nilipoona modeli ya kuunganisha ya gari la 1971 inauzwa mtandaoni, sikujishauri sana.

Ni seti ya plastiki kutoka Japani. Jina la kiwanda naliweka kando kwa sababu nitalalamika kidogo, na duka lililoniuzia nalo nalisitiri. Kabla ya yote nitoe hukumu yangu: kama modeli ya gari, ni kazi nzuri sana. Kama modeli ya gari la Safari, wamekupa nusu tu, na nusu ya pili ni juu yako.

Kwanza gharama, maana najua ndilo swali la wengi. Bei ya seti yenyewe si ya kutisha. Kinachouma ni usafirishaji, halafu forodha, kwa kuwa ushuru na ile VAT ya asilimia 18 vinapigwa juu ya bei ukijumlisha na nauli ya mzigo. Agizeni wawili watatu kwa pamoja. Boksi langu lilifika limebonyea kona moja, ila ndani vipande vilikuwa kwenye mifuko yake na hakuna kilichovunjika isipokuwa fremu ya kushikia vioo, ambayo hutupwa hata hivyo.

Rangi na gundi ni habari nyingine. Vinashika moto, hivyo wauzaji wengi wa nje hawavitumi kwa ndege, na makopo ya kupuliza ndiyo kabisa. Gundi nimetumia Tamiya Extra Thin, ile ya kifuniko cha kijani, iliyonifikia na mzigo wa meli kutoka Dubai. Sijaona mbadala wake hapa Dar. Supaglu inashika, lakini inaacha ukungu mweupe kwenye vioo na haikupi nafasi ya kurekebisha. Hii ya Tamiya unaunganisha vipande vikiwa vikavu, unagusisha brashi kwenye ufa, nayo inajipenyeza yenyewe na kuyeyusha plastiki pande zote mbili hadi viwe kitu kimoja. Kwa joto letu inakauka haraka, kwa hiyo funga chupa kila ukichovya.

Uungaji wenyewe sina mengi ya kusema. Vipande vinakaa mahali pake bila kusukumwa, mistari ya milango imechongwa vizuri, dashibodi ina saa zake zote, na maelekezo ni ya michoro kiasi kwamba kutojua Kijapani si kikwazo. Boneti halifunguki na injini hakuna. Wapo watakaonuna kwa hilo, maana L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, ndiyo roho ya gari hili. Mimi haikunisumbua. Gari la rali likiwa njiani boneti limefungwa, na likiwa limefunguliwa basi kuna msiba.

Kilichonisumbua ni kimo. Gari la Safari huinuliwa ili lipite juu ya mawe na makorongo, lakini modeli hii inakaa chini kama inaenda kununua maziwa Masaki. Nadhani wametumia springi na ekseli zile zile za toleo la gari la kawaida, wakabadilisha stika na taa. Piga hesabu: kwenye 1/24, kila milimita moja ni sentimita 2.4 za gari halisi. Ukiinua modeli milimita 2, umeliongezea gari karibu sentimita 5, na hapo sura inabadilika kabisa. Nilikata vipande vya plastiki kutoka kwenye fremu iliyobaki nikavibandika kati ya springi na sakafu, mbele na nyuma. Ni kazi ndogo. Ila fanya kabla ya kupaka rangi, na weka magurudumu kwa muda uone kama yote manne yanagusa meza.

Tukija kwenye rangi nyekundu, nilienda kwa mafundi wa magari Keko. Fundi alilitazama lile bodi la sentimita kumi na saba kiganjani mwake akauliza, “Bosi, hii ya mtoto?” Nikamwambia ya baba mtu. Alinichanganyia nyekundu ya duko na kukataa hela ya kiasi kile kidogo. Anayetaka kufuata njia hii azingatie jambo moja: thina ya duko ni kali kwa plastiki ya aina hii, inaweza kuikwangura sura yote ikawa kama ngozi ya chungwa. Tanguliza praima, kisha puliza matabaka mepesi mno, kila moja likauke kabla ya jingine, na jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu. Msasa wa maji namba 2000 kati ya matabaka. Pia epuka siku za unyevu mzito, maana rangi ya kung'aa inavuta ukungu na kupauka ikiwa bado mbichi. Mwenye uwezo wa kupata kopo la Tamiya TS-8 asihangaike na haya yote, nyekundu yake inafaa kabisa.

Boneti jeusi lipake bila mng'ao hata kidogo. Halikuwekwa kwa urembo. Ni kuzuia jua lisimpige dereva machoni, na ukilifanya ling'ae umeliondolea maana.

Stika ni za maji, zile za kulowekwa kwanza ndipo zitoke kwenye karatasi yake. Zimechapishwa safi, nyekundu haipenyi chini ya nyeupe, na zilikubali kulala kwenye mikunjo ya bodi baada ya kupakwa siki iliyozimuliwa kwa maji. Siki hii hii ya kachumbari. Dawa maalumu za kulainishia stika zipo na ni bora zaidi, ila siki haikuniangusha.

Sasa ile nusu ya pili.

Picha ya kwenye boksi inaonyesha gari linameremeta. Maelekezo yote, ukurasa hadi ukurasa, hayataji tope popote. Safari ya miaka ile ilikuwa ikifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika, na hakuna gari lililofika mwisho likiwa jekundu. Gari lenyewe la Herrmann lipo mpaka leo, Nissan wanalitunza kwenye ghala lao la makumbusho huko Zama, Japani, na picha zake zinaonyesha bodi lenye makovu. Mtu wa Shizuoka, mji wa viwanda vya modeli huko Japani, anayechora maelekezo anaweza kusamehewa. Sisi tumekua tukiona basi la mkoani likiingia stendi, tunajua tope hukaa wapi.

Nilianza na mibonyeo ya bodi. Unakwangua plastiki kwa ndani hadi iwe nyembamba, kisha unapitisha ncha ya chuma iliyopashwa moto na kubonyeza taratibu. Mbele ya tairi moja na chini ya mlango panatosha. Ukibonyeza kila mahali litaonekana limepinduka.

Udongo halisi usitumie. Nimewahi kuchuja wa Pugu kwa kitambaa cha khanga na bado chembe zake ni kubwa mno: punje ya mchanga ya nusu milimita, kwenye kipimo hiki, ni jiwe la zaidi ya sentimita moja lililonata mlangoni. Kilichonifaa ni chaki. Saga ya kahawia na ya rangi ya chungwa kwenye msasa, changanya na nyeupe kidogo, na uwe na sahani mbili: moja ya wekundu wa changarawe ya barabara kuu za zamani, nyingine ya kijivu cheusi cha udongo wa mfinyanzi, ule unaonasa magari mbugani. Tope la mfinyanzi linakuja kwanza, chini, nyuma ya kila tairi, likiwa limelowekwa kwa rangi ya maji ya matt, yaani isiyong'aa, na kurushwa kwa brashi ngumu. Likikauka, vumbi jekundu linafuata juu yake kwa brashi laini, kavu. Ukigeuza mpangilio huo, jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini.

Sehemu iliyonipa raha kuliko zote ni kioo cha mbele. Kata tepu ya karatasi kwa umbo la nusu duara mbili, bandika pale waipa zinapofuta, pulizia vumbi, kisha bandua. Ghafla kuna watu ndani ya gari, ingawa viti ni vitupu. Namba nazo ziache zisomeke kiasi. Mwisho funika yote kwa vanishi ya matt, la sivyo chaki itabaki vidoleni kila ukilishika.

Je, nampendekezea nani? Si modeli ya kwanza ya mtu. Vipande vya taa za ziada na mikono ya waipa ni vidogo kuliko punje ya mchele, na mtoto mdogo asikaribie meza. Lakini kama umeshawahi kuunga gari moja au mawili na mkono umetulia, chukua hili kabla ya Ferrari yoyote. Thamani ya pesa naipa nyota nne. Moja nimeinyofoa kwa ajili ya kimo.

Sasa natafuta stika za 240Z la 1973, ambalo Shekhar Mehta na Lofty Drews walishinda nalo baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikaa muda mrefu zaidi bila adhabu. Mzaliwa yule wa Uganda baadaye alirudia mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mwenye kujua pa kuzipata stika hizo peke yake, bila kulazimika kununua seti nzima, anijuze. Na kama zinakuja na springi ndefu, nitalipa zaidi.