Datsun ya Safari niliyomjengea baba: uzoefu wangu na seti ya Hasegawa 240Z

Baba akianza hadithi ya Datsun, sisi wanawe tunajua chai itapoa. Alikuwa mtoto wa shule huko Taita, na Pasaka ikifika, magari ya mbio za Safari Rally yakitarajiwa kupita, yeye na wenzake walikesha ukingoni mwa barabara wakiyasubiri. Kwanza mlio huko bondeni. Halafu vumbi. Halafu gari lenyewe, na kabla hujalitazama vizuri limeshaingia kona. Mwaka hana hakika nao. Mara ni 1971, mara 1973, kutegemea anayemsikiliza ni nani. Asichobadilisha ni dereva: Shekhar Mehta.

Mwaka huu ametimiza miaka 65. Koti analo, redio anayo, na ukimletea bakora atanuna wiki nzima. Nikaamua kumjengea Datsun yake.

Niliyonunua ni seti ya plastiki ya kuunda gari dogo la mfano, ya Hasegawa, kampuni ya Japani: Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya 1971, kwa kipimo cha 1/24. Yaani gari halisi la mita 4 na kidogo ukiligawa mara 24 unabaki na kitu cha kama sentimita 17, kinachokaa kiganjani. Wapenzi wa Safari watanikamata hapa hapa: walioshinda mwaka huo ni Edgar Herrmann na Hans Schüller, wale wale waliochukua ya 1970 kwa Datsun 1600 SSS. Mehta alikuja wa pili, naye akiwa na 240Z. Zamu yake ilifika 1973, tena kwa kupenya tundu la sindano, maana alilingana alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Hayo yote niliyajua kabla ya kulipa. Lakini seti niliyoipata ni ya namba 11, ya Herrmann, na nikajiambia kwamba baba miwani yake haivai ila kwa Biblia na bili ya stima.

Gharama niziseme mapema. Seti shilingi 4,200, usafiri hadi Mombasa 2,900, ushuru na ada zake 1,350. Juu ya hapo gundi, msasa, praima na fundi wa rangi vilikula 3,000 nyingine. Jumla 11,450, bila kuhesabu Jumamosi zangu sita. Mzigo ulikaa njiani wiki tano na sanduku lilifika kona moja imebonyea, ila ndani hakuna kilichovunjika.

Ukifungua unakuta vipande vimeshikana kwenye fremu za plastiki, bodi ikiwa kipande kimoja kizima, vioo kwenye fremu yake, matairi manne ya mpira na karatasi ya stika. Maelekezo ni michoro. Hata usiposoma Kijapani utafuata. Injini haimo. Boneti haifunguki, na ukiligeuza gari unaona umbo la chini tu. Mimi hilo halikunisumbua, kwa kuwa baba mwenyewe hakuwahi kuiona injini ya gari lile, aliona mgongo wake likiondoka. Aliyesikitika ni fundi wa rangi, alilipindua mara mbili akiitafuta.

Kisichokuwemo pia ni gundi na rangi, na mnunuzi wa mara ya kwanza alijue hili. Karatasi inakupa namba za rangi za Mr. Color, ambazo hapa mjini sikuziona popote, na makopo ya kupuliza huwezi kuyaagiza kwa ndege kwa sababu yanahesabiwa kuwa mzigo wa hatari. Gundi niliipata kwa jamaa anayetengeneza ndege za mfano: Tamiya Extra Thin, ile yenye kifuniko cha kijani na brashi ndogo ndani yake. Kama umezoea gundi ya kupaka kisha ukabandika, hii itakuchanganya. Unashikanisha vipande viwili vikiwa vikavu, unagusa ufa kwa ncha ya brashi, na maji yale yanakimbia yenyewe kuufuata ufa mpaka mwisho. Inayeyusha plastiki kidogo, halafu vipande viwili vinakuwa kimoja. Siku ya kwanza nilifurahia hadi nikabandika kiti cha dereva kikiwa kimetazama nyuma. Nilikibandua kwa wembe, na kidole gumba kina alama hadi leo.

Rangi ndiyo iliyonipeleka gereji. Kuna fundi pale Changamwe ambaye kazi yake ni milango na bampa za matatu. Nilimwekea bodi mezani akacheka, kisha akaacha kucheka, akavaa miwani.

"Kijana, hii plastiki inakula thinna?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika kazi hii. Akakata kipande cha fremu tupu, akakidondoshea thinna yake ya kawaida, na tukakiangalia kikilainika na kujikunja kama ganda la chungwa juani. Hiyo ingekuwa bodi ya baba. Tangu hapo tukaenda polepole: praima kwanza, kwa mkono mwepesi, safu nyembamba ya kwanza ikauke ndipo ya pili, na rangi nyekundu vivyo hivyo, umande tu wa rangi, siyo mvua. Jaribio la kwanza tulilifanya jioni, mvua imetoka kunyesha, na wekundu ukaingia ukungu mweupe kama kioo cha bafuni. Nikadhani nimeharibikiwa. Fundi akasema ni unyevu umenaswa ndani ya rangi, tusubiri siku kavu tupige msasa laini, turudie. Tuliporudia saa saba mchana, rangi ilikaa kama yai. Boneti ya gari lile ilikuwa nyeusi, kwa hiyo tukaziba wekundu wote kwa tepu ya karatasi. Tepu ya gereji ilikuwa na ukingo mbaya, ikabidi kila kipande nikikate upya kwa wembe juu ya kigae.

Ada yake kwa yote hayo ilikuwa shilingi 1,000, na soda moja.

Sasa stika. Hizi siyo za kubandua na kubandika. Unakata moja, unailoweka majini, unasubiri ilegee, halafu unaiteleza kutoka kwenye karatasi hadi mahali pake. Ni nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Namba 11 ya mlango wa kushoto ilikaa vizuri mara moja, nikapata kiburi. Ya kulia niliiinua kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, na feni ya dari ilikuwa inazunguka. Ilijikunja hewani, ikajishika yenyewe, 11 ikawa kitu kama mguu wa mbu. Nilizima feni. Mombasa, mwezi wa Machi, feni imezimwa, na mtu ameinamia gari la sentimita 17 akivuja jasho. Nilirudisha stika majini na kuifunua kwa ncha ya kijiti cha meno, milimita kwa milimita, dakika arobaini nzima. Ilifunuka. Ina mkunjo mdogo kwenye moja ya pili ambao mimi pekee ninaujua, au ndivyo nilivyodhani.

Kuhusu seti yenyewe: vipande vimekaa vizuri sana. Bodi ilikaa juu ya sakafu yake kwa mlio mdogo wa "tak", sikulazimika kusugua. Vioo vinaangaza, ila usiviguse kwa supagluu, vitafanya ukungu. Nilitumia gundi nyeupe ya watoto wa shule. Taa za ziada za mbele ndizo ndogo mno, moja iliruka ikapotea chini ya kabati kwa siku mbili. Kwa anayeanza kabisa ningesema atafute kwanza seti ya bei nafuu aiharibu hiyo. Kwa aliyewahi kuunda moja au mbili, hii inalipa kila senti. Mtoto wa chini ya miaka kumi usimpe peke yake, kwa ajili ya gundi, wembe na matusi atakayojifunza kwako.

Tulimpelekea Voi. Nililibeba kwenye treni juu ya mapaja, ndani ya sanduku la viatu lililojaa pamba. Baada ya kula nikaliweka mezani mbele yake, jekundu, linang'aa, boneti nyeusi, matairi hata alama ya kidole hayana.

Baba aliliangalia muda mrefu. Aliinama likawa usawa wa jicho lake, kama anavyokagua mahindi. Kisha, Mungu anisamehe, akaomba miwani.

"Kumi na moja," akasema. "Hii siyo ya Mehta."

Nikaanza kueleza habari za Herrmann, na kwamba gari ni aina ile ile, na Mehta alikuwa nyuma yake tu. Akanyamaza kidogo.

"Halafu mbona safi hivi? Mwanangu, mimi sikuwahi kuliona gari hili likiwa safi. Rangi yake nimeijua leo."

Mama alimkanyaga chini ya meza, nilimwona. Lakini kesho yake asubuhi baba alikuja na kopo la Blue Band lililojaa udongo wa shambani, ule mwekundu wa Voi unaowafanya hata ndovu wa Tsavo wawe wekundu. Akaniuliza tunaushikishaje. Tuliuchekecha kwa kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara nne hadi ukawa laini kama poda, tukauchanganya na vanishi kidogo isiyong'aa, nikampa brashi.

Sijawahi kumwona ametulia vile. Alianza na matao ya magurudumu, akapanda milango kutoka chini, akanionyesha kwamba udongo hauruki sawasawa, nyuma ya gurudumu unakuwa mzito, kwenye paa unabaki vumbi tu. Kwenye kioo cha mbele alinizuia nisiguse, akaacha nusu duara mbili za waipa. Kazi yangu yote ya rangi ikazama chini ya matope, na ilipendeza kuliko ilivyokuwa.

Mwisho akachovya kidole gumba, akakipitisha polepole juu ya mlango wa kulia, kisha wa kushoto. Akalisogeza gari mbali, akavua miwani.

"Haya," akasema. "Sasa ni ya Mehta."