GTX 1650 kwenye Dell OptiPlex ya mtumba: hii ndo kadi ya kununua kama bajeti ni ndogo

Wadau, kwa wale wenye Dell OptiPlex 9020 ya mtumba, ile ya kabati kubwa, ambao gemu zinawakwama kwama kila saa, kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) ya kutafuta ni GTX 1650 ile isiyohitaji waya wake wa umeme. Ya kwangu ni MSI Aero ITX, fupi ina feni moja, nimeitoa Kariakoo ikiwa used kwa 250,000, na kwa hela hiyo sijaona kitu kingine cha kuishinda kwenye hii mashine.

Najua ukiingia dukani wa kwanza kuongea na wewe atakwambia chukua RX 580 ya GB 8, bei inakaribiana na nguvu ni kubwa zaidi. Kwenye nguvu hasemi uongo, RX 580 inaipita 1650 vizuri tu. Ila swali la kwanza sio kadi ina nguvu kiasi gani, ni mashine yako inaweza kuilisha? Paua saplai ya 9020 ya kabati kubwa ni wati 290, basi, hizo ni za kila kitu humo ndani, na haina ule waya wa pini 6 au 8 wa kupeleka umeme kwenye kadi. RX 580 yenyewe imeandikwa wati 185. Sasa utaambiwa usijali kuna adapta, unachomoa kwenye waya wa SATA (ule wa kulisha diski) unapeleka kwenye kadi, na hapo ndo naomba mnisikilize vizuri, waya wa SATA umetengenezwa kubeba wati 54 tu upande wa volti 12, wakati tundu la pini 6 kadi inaruhusiwa kuvuta mpaka 75 na la pini 8 mpaka 150. Plastiki inaweza kuyeyuka, na usiku umelala mashine ikawaka moto peke yake. Tafadhali msifanye hivyo.

Na kubadilisha paua saplai kwenye hizi Dell sio kazi ya kuchomoa na kuchomeka, maana ubao wake unatumia plagi ya pini 8 wakati paua saplai za kawaida za dukani zinakuja na pini 24, kwa hiyo unahitaji waya wa kubadilishia, halafu paua saplai yenyewe nzuri ni hela ndefu, ukijumlisha vyote ile RX 580 ya bei nafuu sio nafuu tena. GTX 1650 ilitoka 2019 ikiwa na wati 75, na 75 ndo kiwango ambacho sloti ya PCIe x16, ile ndefu ya kuchomekea kadi kwenye ubao, inatoa yenyewe. Unachomeka, unafunga skrubu, umemaliza. Angalia tu kadi yenyewe kwa pembeni juu kabla hujatoa hela, kuna matoleo ya 1650 yamewekewa tundu la pini 6, hayo waachie wenye mashine zao za kuunga.

Halafu hizo RX 580 zenyewe nyingi zilizopo sokoni zimetoka kwenye uchimbaji wa sarafu za mtandaoni. Mpaka Septemba 2022 Ethereum ilikuwa inachimbwa kwa kadi za grafiki na RX 580 ilikuwa kipenzi cha wachimbaji, zikipiga mzigo usiku na mchana, Ethereum ilipoacha mfumo ule wa kuchimba kadi zikamwagwa sokoni. Kuna na ile inaitwa RX 580 2048SP, jina ni 580 ila ndani imepunguzwa mpaka iko sawa na RX 570, muuzaji hatokwambia hilo. Sisemi zote ni mbovu, nasema kwa mashine ya ofisi huna sababu ya kubeba huo mzigo.

Sasa kwenye kununua used, jamani pimeni kabla ya kulipa. Niliyenunua kwake alikubali kuiwasha palepale kwenye mashine yake, na hilo peke yake lilinifanya nimwamini. Weka programu ya GPU-Z kwenye flashi, ni ndogo na ni bure, ukiifungua inakuonyesha kadi ni ipi kweli. Kwa 1650 unatakiwa uone chipu TU117, shader 896, memori GB 4. Hii ni muhimu sana kwa sababu kuna kadi za zamani kama GTS 450 na GTX 550 Ti wanazibadilishia programu ya ndani ili Windows izisome kama GTX 1050 Ti, na GPU-Z inazikamata, inaandika FAKE mbele ya jina. Dalili ya macho ni tundu la VGA, ukiona kadi inaitwa 1050 Ti au 1650 na ina lile tundu la bluu la VGA iwekee shaka kubwa. Ukimaliza hapo washa FurMark, programu ya kuibebesha kadi mzigo mzito, kama dakika 10 hivi uangalie joto na uangalie skrini, ikianza kutoa vidoti na mistari ya rangi rangi mrudishie. Muuzaji anayekataa usipime, aga uondoke, Kariakoo maduka ni mengi.

Kuhusu VGA hapo hapo, monita nyingi za mtumba tunazotumia zina VGA, na hii kadi haina. Kama monita yako ina DisplayPort, HDMI au DVI uko salama. Kama ni VGA tupu nunua adapta ya HDMI kwenda VGA ile yenye chipu ndani, usinunue ile ya DVI ya kubadili umbo tu, DVI ya hii kadi haitoi mawimbi ya analogi kwa hiyo picha haitokei hata ukiisukuma vipi. Na waya wa monita uchomeke kwenye kadi, sio kule nyuma kwenye ubao. Kabla ya kufunga pia apdeti BIOS (programu ya kuwashia mashine) kutoka tovuti ya Dell, inaepusha ile shida ya mashine kuwaka bila picha.

Haya matokeo. Mashine ni i5-4590, RAM GB 16, SSD. Kabla, kwa ile grafiki ya ndani Intel HD 4600, GTA V nilikuwa nacheza 720p kila kitu chini kabisa na bado mjini katikati inashuka chini ya fremu 30. Sasa ni 1080p, setingi nyingi ziko juu, na inakaa 60. eFootball imenyooka kabisa, ule uzito wa mchezaji kuchelewa kugeuka umeondoka, na kwa mpira hapo ndo raha yote ilipo. CS2 setingi za chini inaenda vizuri ila kwenye moshi na watu wengi inashuka, na hapo sio kadi, ni prosesa, nyuzi zake 4 za kufanyia kazi zote ziko 100%. Dawa yake ni kufunga fremu zisizidi 60 kama monita yako ni ya 60Hz, prosesa inapata pumzi na kukwama kwama kunapungua sana. RAM nayo weka vijiti viwili sio kimoja, tofauti unaiona.

Joto, mchana wa Dar bila AC, inafika 70 na kitu, kwangu sawa. Vumbi pulizeni.

Mapungufu yapo. GB 4 ni ndogo kwa gemu mpya, tekcha lazima uzishushe. Haina DLSS, ile mbinu ya Nvidia ya kuongeza fremu, utatumia FSR, mbinu kama hiyo ya AMD, kwenye gemu zenye nayo. Lakini kulinganisha na 1050 Ti ya bei ya chini kidogo bado naisimamia hii, maana Nvidia waliacha kutoa drava mpya za gemu kwa familia ya 1050 Ti Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu, wakati 1650 bado inapata.

RX 6400 pia wanaisifia, inakula wati 53 tu, ila inatumia njia 4 za PCIe na imetengenezewa PCIe 4.0, 9020 ni toleo la zamani la 3.0 kwa hiyo unapoteza sehemu ya spidi uliyoilipia.

Wenye ile 9020 nyembamba, hii niliyofunga mimi haiingii, tafuteni 1650 ya kimo kifupi, na pimeni nafasi ndani kwanza kwa sababu nyingi zinameza sloti mbili. Zikiwa za kimo kifupi bei inapanda, ikizidi 350,000 kwa used msichukue, kwa hela hiyo bora kutafuta kabati kubwa la mtumba na kuuza hilo dogo.