Upepo Uko Wapi? Uzoefu Wangu wa Kujaribu Ubaharia wa Old School RuneScape

Ilikuwa Machi 2025, mwezi wa Ramadhani. Nilikuwa nimetoka tarawehe, nimekaa barazani kwetu Tanga na laptopu mapajani. Ami yangu alikuwa amekuja kutoka Pangani kufuturu nasi na akabaki kulala. Yeye ni nahodha. Amepakia mizigo kati ya Pangani na Unguja tangu mimi sijazaliwa. Akainama nyuma ya bega langu, akakitazama chombo changu kikikata maji kwenye kioo, kisha akauliza:

"Upepo uko wapi hapo?"

"Ami, huku upepo hauzuii. Ukishatweka tanga, chombo kinakwenda upande wowote unaotaka."

"Hakibishi?" Alikuwa na maana ya kwenda huku na huku ili kuukabili upepo unaotoka mbele.

"Hakibishi."

Akakaa kimya kidogo. "Sasa nahodha wake anafanya kazi gani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Nilikuwa nimeingia kwenye majaribio ya Sailing, stadi mpya ya mchezo wa mtandaoni wa Old School RuneScape, ambayo mimi naiita Ubaharia, nikiwa na matarajio mengi kichwani, na ami kwa maneno machache alikuwa amelitaja lile kubwa kuliko yote. Nimeujaribu kabla haujatoka, nimeucheza baada ya kutoka, na nataka kueleza nilichotarajia, nilichokikuta, na kwa nini bado nacheza.

Kwa asiyeujua mchezo huu: unatengenezwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ulifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya Agosti 2007 iliyokuwa imehifadhiwa, baada ya wachezaji wa zamani kuomba warudishiwe mchezo wao. Mimi niliingia mwishoni mwa 2018 ulipofika kwenye simu, na hadi leo akaunti yangu ni ileile moja, kwenye simu na kwenye laptopu. Ni mchezo wa subira. Unachagua stadi, iwe uvuvi, uchimbaji madini, upishi au vita, unaikuza kidogo kidogo mpaka leveli 99, na kila stadi inadai pointi 13,034,431 kufika hapo. Stadi zilikuwa 23. Ya mwisho kuingia ilikuwa ya uwindaji, nayo ilitoka Novemba 2006. Kwa hiyo mtu akikwambia inakuja ya 24, elewa kwamba anagusa nyumba ambayo msingi wake haujaguswa kwa karibu miaka 19.

Jambo linaloufanya mchezo huu uwe tofauti na mingine yote niliyowahi kujaribu ni kura. Badiliko kubwa haliingii mpaka wanachama walipigie kura. Mwanzoni ilitakiwa asilimia 75 ya kura za ndiyo. Mwaka 2022 wakashusha hadi 70. Ubaharia wenyewe una historia ndefu ya kukataliwa. Ulianza kama mzaha wa siku ya wajinga, ukapelekwa kwenye kura mwaka 2015 na ukaanguka. Mwaka 2019 stadi nyingine, Warding, nayo ikaanguka. Mwaka 2023 wakaja na mapendekezo matatu: kufuga wanyama, ushamani, na ubaharia. Bahari ikashinda, kisha ikapigiwa kura yake peke yake na ikavuka mstari wa 70 kwa pointi chache tu. Kwa kima cha zamani cha 75 isingepita.

Hapo pana jambo ambalo watu hulipita haraka. Stadi ikipita kwa kura za namna hiyo, maana yake zaidi ya robo ya waliopiga kura hawakuitaka, na hao bado ni wachezaji, bado wanalipa. Kwa hiyo majaribio ya Machi 2025 hayakuwa ya kutafuta kasoro za programu peke yake. Yalikuwa pia ya kumwonyesha aliyesema hapana kitu anachoweza kukishika kwa mkono wake. Nilipoingia nililiona hilo wazi: mkazo mkubwa ulikuwa kwenye mwendo wa chombo, namna kinavyogeuka, namna kinavyopita karibu na mwamba. Huko ndiko wasiwasi wa wengi ulikokuwa, kwa sababu mchezo huu tangu mwanzo ni wa miraba. Kila mtu anasimama ndani ya mraba wake, na chombo kinachogeuka kwa pembe ndogo ndogo huku wewe unatembea juu ya sitaha yake ni kitu ambacho mtambo wake wa zamani haukujengewa. Ilibidi watengeneze njia ya kukifanya chombo kiwe kama dunia ndogo inayoelea juu ya dunia kubwa. Nilipotoka kwenye usukani nikatembea mpaka omo, mbele kabisa, chombo kikiwa bado kinakwenda, nilifurahi sana. Nilikuwa nimelitarajia hilo kuliko michoro na kuliko hazina.

Lakini nilitarajia pia upepo. Nimekulia kwenye mji ambao jina lake ni tanga. Hapa kwetu hakuna mtu anayesema safari ni ya saa ngapi kabla ya kuuliza upepo ni upi. Kaskazi ikivuma vyombo vinafanya hivi, kusi ikishika vinafanya vile, na kati yake kuna siku ambazo nahodha anakaa tu na kahawa anangoja. Chombo kwenda kinyume na upepo kunataka kubisha, huku na huku, na kila kugeuza kuna kazi ya kuhamisha foromali, ule mti unaobeba tanga, na kuna hatari yake. Kwa hiyo niliposikia "stadi ya ubaharia", kwangu mimi ilikuwa na maana moja: nitajifunza kuusoma upepo ndani ya mchezo kama ami anavyousoma pale mlangoni mwa mto Pangani.

Usiku ule niliandika maoni yangu marefu. Nikaeleza kubisha ni nini, nikaeleza kwamba upepo wenye upande ungempa nahodha kazi ya kufikiri. Niliandika mpaka karibu na daku, kwa moyo wote.

Kabla sijatuma nilikumbuka majaribio mengine niliyowahi kushiriki, ya mchezo wa vita wa kwenye simu ambao jina lake naliacha. Kule tuliahidiwa kwa maandishi kwamba seva ya karibu na Afrika itakuwepo siku ya uzinduzi. Tulijaribu kwa wiki kadhaa, tukaripoti kila kitu, tukavumilia risasi kufika nusu sekunde baada ya kubonyeza, kwa sababu seva inakuja. Mchezo ukatoka, seva haikuja, na maelezo hayakutolewa. Wenzangu watatu niliowaingiza mimi mwenyewe waliufuta siku hiyohiyo, na niliona haya mbele yao.

Nikayaweka mambo haya mawili pamoja. Kule nilikuwa nadai deni. Kitu kiliahidiwa na hakikutolewa. Huku, upepo wa kubishia haukuwa ahadi ya mtu. Ulikuwa wangu, nimeuleta kutoka nyumbani. Tangu hapo nikiingia kwenye majaribio yoyote naandika karatasi mbili kabla ya kufungua mchezo: moja ya waliyosema watayatoa, nyingine ya ninayoyatamani. Ya kwanza naifuatilia kwa ukali. Ya pili naipeleka kama ombi, pamoja na sababu zake. Maoni yangu yale ya Ramadhani niliyapunguza na kuyaandika upya kwa namna hiyo, ndipo nikayatuma.

Nilipokuwa nayaandika upya niligundua kitu kingine, na hiki kinatuhusu sana sisi tunaocheza kutoka Afrika Mashariki. Old School RuneScape unakwenda kwa mapigo. Kila pigo ni sekunde 0.6, na chochote unachobonyeza kinatekelezwa pigo linalofuata. Mimi nikiwa Tanga naunganishwa na seva za Uingereza au Ujerumani, na ule ucheleweshaji wa safari ya data kwenda na kurudi unamezwa na pigo hilo. Ninacheza sawa na mtu aliyekaa London, jambo ambalo kwenye michezo ya risasi sijawahi kulipata. Sasa fikiria upepo wa kweli, unaobadilika kila mara na kudai ugeuze tanga kwa wakati kamili, kila sehemu ya sekunde ikihesabiwa. Huo ungempendelea aliye jirani na seva. Kile nilichokuwa nakidai kwa uchungu kingeweza kuniacha mimi mwenyewe nyuma. Bado nadhani upepo wa polepole, unaobadilika kwa saa na si kwa sekunde, ungewezekana bila madhara hayo. Lakini sikuwa nimelifikiria hilo nilipoanza kuandika.

Stadi ilitoka tarehe 19 Novemba 2025. Kila nilichokipata kwenye majaribio kilibaki kulekule, na nilianza upya kama wote, kwenye bandari ya Port Sarim, kwa kazi ya kwanza iitwayo Pandemonium, halafu nikawa na chelezo changu. Kutoka chelezo unapanda hadi skiff, kisha sloop, ambayo ni chombo kikubwa hasa: kina nafasi ya mizigo, mabaharia wa kuajiri, na vifaa unavyovipanga mwenyewe sitahani.

Kuchora bahari ndiko kunakonifurahisha kupita yote. Unazunguka maji yasiyojulikana ukiandika kilichopo, na namna za kuandika ni nyingi: mara unatazama kwa darubini, mara unafungua kasha lililokuwa linaelea, mara unamtupa bata wa bandia majini na kumfuata anakopelekwa na mkondo. Huyo bata nimempenda. Ami anapotaka kujua maji yanavutaje, hutupa kifuu cha nazi ubavuni mwa chombo na kukitazama. Aliyebuni bata yule, popote alipo, ameelewa kitu kuhusu bahari.

Kubeba mizigo bandari hadi bandari ni kazi nzuri ya jioni ukiwa umechoka, lakini baada ya saa moja inachosha. Mashindano ya mwendo, yale yaitwayo Barracuda Trials, yapo matatu na yanataka mkono mwepesi na kumbukumbu ya njia. Mimi nimeng'ang'ania la kwanza, Tempor Tantrum, na naona mwenye subira atalipenda.

Na upepo? Chombo bado hakibishi. Kilichopo ni kwamba ukiwa safarini, upepo huvuma kwa ghafla na tanga linaonyesha linataka kurekebishwa. Ukilirekebisha kwa wakati, chombo kinaongeza kasi kwa muda. Ni jambo dogo ukilinganisha na nililoliomba. Hata hivyo linakufanya uwe macho, ulitazame tanga badala ya kutazama mbali, na kwa mchezo unaokwenda kwa pigo la sekunde 0.6 naona limekaa mahali pake. Ningependa siku moja wajaribu kuongeza kusi na kaskazi, hata kwenye sehemu moja tu ya bahari, hata kama ni hiari. Kura ikija nitapiga ndiyo.

Kuhusu gharama, maana najua mtauliza. Mchezo una sehemu ya bure, lakini Ubaharia ni wa wanachama wanaolipa. Ukiwa huna kadi, au kadi yako inakataliwa mtandaoni, kuna hati iitwayo bond ambayo unaweza kuinunua kwa dhahabu ya ndani ya mchezo, nayo inakupa siku 14 za uanachama. Kwa anayeanza, kukusanya dhahabu hiyo ni kazi ngumu sana. Usitegemee kuipata mwezi wa kwanza. Bando halitumiki sana. Mimi hucheza kwa intaneti ya simu na mchezo huu unakula kidogo kuliko kutazama video. Shida yangu kubwa imekuwa umeme, na katikati ya bahari umeme ukikatika, simu huniokoa: naingia kwa akaunti ileile na kuendelea.

Ami alirudi Tanga mwishoni mwa Novemba, kaskazi ikianza kushika, kununua kamba na rangi. Nikamwamkia, nikamvutia kiti, nikamwonyesha sloop. Alihesabu matanga, akauliza mizigo inakaa upande gani, akaniambia nimepakia vibaya, ingawa mchezo haujali. Kisha upepo ukavuma kwenye kioo na tanga likaanza kucheza. Mimi nilikuwa natazama ramani.

"Vuta demani!" akasema, yaani ile kamba ya kukazia tanga.

Nikabonyeza. Chombo kikaruka mbele. Akavuta kiti karibu zaidi, akaweka chini mzigo wake wa kamba, na kwa saa nzima iliyofuata yeye alikuwa akitazama tanga na mimi nikishika usukani.